Mshale wa Joto Ulipotulia Katikati

Mgeni rasmi, mama yetu Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima, shikamoo. Tumekuombea njia tangu treni yako ilipopita Bukene, kwa dua ya mwenzetu Bi Zeenat na sala ya mwenzetu Flavia. Kila mmoja anadai yake ndiyo iliyosikilizwa. Karibu Itetemia.

Tulikotoka

Tuko kumi na wanne, na mdogo wetu ana miaka thelathini na tisa. Tulipojua kusoma tukaomba ufundi magari. Kituo chetu cha elimu ya watu wazima kikatupa karakana saa za jioni, pamoja na gari lake kuukuu, Korola. Mwezi Machi gari lilichemsha likitoka Ulyankulu. Moshi ukawa mweupe, oili ikawa rangi ya chai ya maziwa: gasketi ya silinda hedi imeungua, maji yameingia kwenye oili. Kamati ya kituo ikasema tukishindwa kulitengeneza, karakana ifungwe jioni nasi turudi kwenye silabi.

Changamoto

Mwalimu alikwenda msibani Nzega, akatuachia maelezo ya kurasa nne. Tukajiona tunayajua. Siku ya kufunga gasketi mpya kila mmoja alitaka baraka ya kukaza bolti, basi tukakaza kwa zamu huku tukiimba, ubeti mmoja bolti moja, tukianzia pembeni. Kornel, aliyekuwa mpasua mbao, alikaza mpaka spana ikalia. Bi Zeenat alikaza kama anafunga chupa ya dawa. Tulipolijaribu, gari lilichemsha tena kabla ya kufika stesheni. Kamati ikatupa wiki mbili za mwisho.

Mafanikio

Mwenzetu Ng'washi, mama wa miaka hamsini na saba, husoma kwa kufuata mstari kwa kidole. Alizichukua zile kurasa nne akazisoma jioni tatu. Kornel akamtania, "Shangazi, injini haisomwi, inafungwa."

Ng'washi hakuinua kidole. "Mungu tulimwomba, naye alisikia. Mwalimu ndiye hatukumsikiliza."

Akatusomea kwa sauti. Hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, ipimwe kwa rula, maana joto huipinda. Bolti zianzie katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, kwa mkono wa mtu mmoja na spana ya kupimia nguvu. Na kabla ya yote, atafutwe mwizi wa maji. Tulimpata: mpira wa chini wa rejeta, uliopasuka, ambao tulikuwa tukiuficha kwa kuongeza maji kila asubuhi. Ndugu Naushad wa duka la spea akatuazima spana. Ng'washi akakaza zote kumi. Sisi wengine tuliimba tu, mikono mfukoni.

Maombi

Tunaomba karakana ibaki yetu jioni, na majina yetu yaingizwe kwenye mtihani wa ufundi wa mwaka huu. Kamati inasubiri neno lako leo.

Mgeni rasmi, Korola iliyokupokea stesheni ndiyo hiyo hiyo. Umefika bila kusimama, wala hukuona moshi. Tunakuomba radhi kwa yule mama aliyeketi kiti cha mbele, ambaye hakugeuka hata ulipomsalimu. Si mkosefu wa adabu. Ni Ng'washi, na njia nzima alikuwa anautazama mshale wa joto la injini, uliotulia katikati.

Sasa amegeuka. Anasema marahaba, na shikamoo pia.

Mwenyezi Mungu aliyetufundisha uzeeni akulinde uendako na urudipo.

Ni sisi,
Darasa la Jioni la Ufundi Magari, Itetemia, Tabora