Brashi, Aliyengoja Ngurumo na Kimulimuli Wakutane

Ndugu wafiwa, majirani na marafiki, mimi kaka yake nimepewa heshima ya kuyasoma maisha ya mdogo wangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Brashi. Alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa kitindamimba wa watoto watatu. Dada yetu ndiye mkubwa, nami nilimtangulia Brashi kwa miaka mitano. Mama alisimulia kwamba alipofikisha mwaka alikuwa amekwisha kuchora ukuta mzima wa jikoni kwa mkaa, na baba alipotaka kuusugua, mama alimzuia mpaka wageni wote wauone.

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia mwaka 1965 hadi 1972. Padre aliyetufundisha alikuwa akiletewa vifurushi vya vitabu kutoka ng'ambo, na ndani yake tulipata vijitabu vya hadithi za picha. Humo walikuwamo mapacha wawili wenye nguvu za ajabu, kaka na dada. Majina yao ya kigeni yalitushinda kuyatamka, kwa hiyo tukawabatiza Ngurumo na Kimulimuli. Brashi hakujua kusoma bado, wala ile lugha hakuielewa. Mimi ndiye niliyemsomea, nikimfasiria ukurasa kwa ukurasa, tumekaa kwenye ngazi za nyuma za bweni. Naomba jambo hili likumbukwe, kwa kuwa watu wengine wamekuja kuyajua mapenzi yake baadaye sana.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika jumba la sinema kuchora mabango. Aligawa ubao katika miraba kwa kamba iliyopakwa chaki, akaanza na macho, na mikono akaiacha mwisho kwa sababu, alisema, mikono haimsamehe mchoraji. Jioni alinuka mafuta ya taa aliyooshea brashi zake. Alidumu hapo miaka kumi na tisa, hadi jumba lilipofungwa na kugeuzwa ghala la saruji. Ndipo akafungua karakana yake ya mabango ya maduka, iliyopakana ukuta mmoja na duka la kinyozi.

Jumamosi, tarehe 7 Desemba 1985, alifunga ndoa na mshonaji. Walikutana kwa ugomvi. Bibi huyu alisimama chini ya bango jipya la sinema, akamwita Brashi ashuke ngazi. "Fundi, hili gauni ulilomvika huyu mama halina zipu wala kifungo. Aliingilia wapi?" Brashi akajibu, "Hajaingia, dada. Amezaliwa nalo." Kesho yake alipanda tena kuchora zipu. Mungu aliwajalia binti wawili.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu ni nzito.

Wale mapacha wa utoto wetu walikuja kutengenezewa filamu, lakini haki zao zilikuwa zimeuzwa mbalimbali. Kampuni moja ilikuwa na Ngurumo, nyingine ilikuwa na Kimulimuli, na katika filamu hakuna aliyeruhusiwa hata kumtaja mwenzake. Kwa Brashi hili lilikuwa jambo la kumkosesha raha. Mwezi wa Juni 2021 alinipigia simu akihema. "Kaka, habari njema! Kampuni ya Ngurumo inaimeza ile ya Kimulimuli. Watakutana!"

Nilikuwa nasahihisha kumbukumbu za kikao cha wazee wa kanisa. Nikamjibu, "Sasa wao wakimezana, wewe unashiba?"

Alicheka kidogo, akasema, "Haya, kaka." Tangu siku hiyo hakunipigia tena kwa habari hizo. Alizipeleka kwa kinyozi.

Kinyozi alizipokea kwa mikono miwili. Wote wawili walijiunga na makundi ya mashabiki kwenye simu, na kila uvumi wa muungano ule ulijadiliwa kwenye kile kiti cha kunyolea, mteja akiwa na povu nusu uso. Brashi, kwa furaha, aliwachora mapacha wakiwa wamesimama pamoja kwenye ukuta wa kinyozi, kabla mkataba haujatiwa sahihi. Wiki mbili baadaye ikajulikana kwamba haki za Kimulimuli zilikuwa zimekodishwa kwa kampuni ya tatu hadi mwaka 2031.

"Nilikwambia usome mpaka chini," kinyozi akamwambia. "Ukinunua nyumba yenye mpangaji, mpangaji anabaki mpaka muda wake uishe."

"Basi nimfute?"

"Umfute mtoto wa watu? Mfunike."

Brashi akachora pazia jekundu mbele ya Kimulimuli, akaacha viatu vyake vikichungulia chini. Mji mzima ulicheka. Mimi niliambiwa na muuza magazeti, kama mtu baki.

Januari mwaka huu wa 2024 madaktari waligundua kwamba figo zake zimechoka. Akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na kinyozi alifunga duka kila mara ili amsindikize. Mimi nilikwenda hospitalini Alhamisi moja na matunda. Niliwasikia tangu ukumbini wakibishana na kucheka, na nilipoingia kinyozi alinyanyuka, akanipisha kiti, akasema, "Fundi, mzee amefika. Tuongee mambo ya maana." Wakaanza kuniuliza habari za kanisa. Sijapata kuheshimiwa kwa namna iliyoniuma vile. Nilimwonea wivu mtu yule, ndugu zangu, na nayasema haya mbele ya kaburi kwa kuwa si mahali pa kusema uongo.

Mwezi wa Agosti nilimwomba binti mkubwa wa marehemu anifundishe. Alinieleza jioni tatu, nikaandika kila kitu daftarini. Alhamisi iliyofuata niliwahi kabla ya kinyozi. Nikamwambia Brashi, "Nasikia yule mpangaji wa Kimulimuli ameinunua kampuni ya Ngurumo."

Akageuza kichwa. "Nani kakwambia?"

"Nimesoma."

Alicheka hadi muuguzi akaja kuangalia mpira wa mashine. "Kaka, umemuuzia mpangaji nyumba, na mwenye nyumba umemtupa nje!" Akanieleza upya, taratibu, kwa saa nzima, akinichorea mishale mgongoni mwa daftari langu. Kinyozi alipoingia, akamwambia, "Leo umechelewa, bwana. Kaka keshanipa habari." Nilifurahi kupita kiasi kinachomfaa mtu wa umri wangu. Baada ya hapo nilikwenda kila alipokwenda, na kila mara nikiwa na uvumi, mwingine wa kweli, mwingine nilioukosea.

Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Septemba, saa nne asubuhi, bila kujua kama mapacha wale watakutana. Mimi nilikuwa bado njiani. Aliyemshika mkono alikuwa kinyozi. Moyo wangu uliwaka, nikajiambia kwamba hata saa ile nimenyang'anywa.

Mjane alitujulisha kwenye kikao cha familia kwamba marehemu alipenda wasifu wake uandikwe na kinyozi. Nilikataa, nikasema hiyo ni kazi ya ndugu. Kinyozi hakubisha. Alinifuata hadi mlangoni, akasema, "Andika wewe, mzee. Ila uweke na hili, maana hukuwepo. Asubuhi ile aliniuliza, 'Kaka leo anakuja na uvumi gani?' Nikamwambia yuko njiani. Akasema, 'Tumngoje, tusianze bila yeye.'"

Angeweza kubaki na maneno hayo. Hakuna ambaye angejua.

Marehemu ameacha mjane, binti wawili, wajukuu watatu, dada mmoja, na ndugu wa kiume wawili. Katika nakala mlizo nazo mikononi imechapwa kwamba ndugu wa kiume ni mmoja; kosa ni langu, naomba mlisahihishe kwa kalamu. Wa pili ameketi pale nyuma kabisa, karibu na lango. Kinyozi, njoo mbele ukae na sisi.

Bwana amlaze Brashi pema, na amani yake isikome.