Kunde Katikati ya Mahindi

Fundi cherehani alikuwa amekaa nyuma ya abiria wawili ndani ya basi, na kusikiliza hakukumgharimu nauli ya ziada.

"Sikulima, baba," mwanamke alikuwa akimweleza mzee aliyekutana naye kituoni. "Niliacha mabua yafunike udongo, nikachimba vishimo tu, nikapanda mahindi na kunde pamoja."

"Shamba lisilolimwa ni uvivu, mwanangu."

"Ndivyo alivyosema mama mkwe. Aliona aibu mpaka akahamia kwa shemeji."

Fundi aliinama kuficha kicheko. Mama mkwe wake yeye alikataa kuhama hata baada ya paa kuvuja.

"Jua lilipowaka, mahindi ya majirani yalinyauka, yangu yakasimama kwa unyevu uliobaki chini ya mabua. Mama alirudi kimyakimya na mkoba wake, akakaa chini tukapukuchua pamoja. Nilifurahi, baba. Nyumba ilikuwa imepoa bila yeye."

"Ulibahatika kupata mvua tu."

"Mvua gani hiyo inayoruka shamba la jirani?"

Basi likasimama. Mzee akashuka akinung'unika, kisha akarudi dirishani. "Bado ni uvivu. Lakini mbegu za kunde ulizipata wapi?"

"Siku hizi anayezigawa ni mama mkwe," alicheka mwanamke, "na anasema wazo lilikuwa lake."