Foleni ya Sokoni

Basi la mjini Leeds, Uingereza, lilikuwa linakaribia sokoni, mwaka wa pili tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe. Edith alikuwa ametega sikio nyuma ya wanawake wawili wasiojuana.

"Dada, ona foleni ile!" akapiga kelele mwenye kofia. "Ndizi zimefika!"

"Ndizi wapi? Mayai hayo!" akabisha mwenye kikapu. "Na binti yangu anaolewa Jumamosi, keki haijaonja hata yai!"

"Haya, kaa ubishane. Mimi nashuka!"

Tangu chakula kiwe cha mgawo, hakuna anayeuliza foleni ni ya nini, unajipanga kwanza. Basi liliposimama wakaruka, wakakimbilia mkiani, Edith akawapiga kikumbo akawatangulia.

Foleni ikasogea upesi ajabu. Watu walikuwa wakipanda basi lile lile waliloshuka.

"Limejaa, mama," kondakta akamwambia Edith. "Ngojeni lingine."