Mbao Zilizobaki kwa Fundi Yotamu Kalinga

Ndugu waombolezaji, mimi Shedrack, mtoto wa kwanza wa marehemu, nimepewa na familia jukumu la kuwasomea maisha ya baba yetu, na ninaomba mnivumilie, maana humu mna jambo ambalo sijawahi kumwambia hata mama.

Baba yetu, Yotamu Kalinga, alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 katika kijiji cha Igowole, Mufindi, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, kisha akajifunza useremala misheni kwa miaka mitatu. Tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na mama yetu, Severina, wakajaliwa watoto wanne, mimi, Faustina, Brayson na Mercy. Mwaka 1984 aliajiriwa kama seremala Mgololo, na ni huko ambako Brayson alifariki mwaka 1986 akiwa na siku tisa, baba akiwa safarini, akazikwa ndani ya katoni.

Mwaka 1997 alihamia hapa Mbalizi na kufungua karakana, ambako hakuna kipande cha mbao kilichotupwa, vifupi vilikuwa vigoda na vibao vya kukatia mboga, vyembamba vilikuwa mipini ya visu, maranda yalikwenda kwa wafuga kuku, na vile vizuri kuliko vyote alivipanga kwenye kona yake, akawa anatengenezea majeneza ya vichanga kila palipotokea msiba, na hakumuuzia mtu hata siku moja. Sisi watoto tulimcheka kwa kulimbikiza takataka, nami nilikuwa mbele ya wote.

Mwezi Mei 2023 alianza kuugua figo, akalazwa Mbeya mjini, na tarehe 17 Juni aliporuhusiwa tuliandaa ibada ya shukrani, kuni zikatuishia wali ukiwa haujaiva, nikafungua karakana, nikazibeba mbao za kona nzima mpaka jikoni, zikawa kuni. Baadaye baba alipogundua na kuuliza, nilimjibu kwamba waliozichoma ni wapishi, na aliyekuwa akiongoza wapishi ni jirani yetu, mama Violet.

Wiki tatu baadaye binti wa jirani yetu mwingine, Yunisi, alifiwa na mtoto mchanga, baba akanyanyuka kitandani, akakuta kona tupu, akarudi ndani na kung'oa milango ya kabati alilomtengenezea mama walipooana, akaipiga randa na kuunda jeneza akiwa amekaa, maana kusimama hakuweza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho.

Tangu siku hiyo baba hakupokea salamu ya mama Violet, na kwa karibu miaka miwili nilimwona mama huyo akipita getini kwetu ameinamisha kichwa, kila mara nikijiambia kwamba nitamwambia baba ukweli akipata nafuu. Nafuu haikuja, na tarehe 22 Mei 2025, saa nne asubuhi, baba alifariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mbalizi, na mafundi wenzake waliomtengenezea jeneza hili. Tunamshukuru mama Violet, ambaye aliniona nikizibeba mbao zile kwa mikono yangu, hakunisema kwa baba hata mara moja, na tangu juzi yuko hapo nje anawapikia ninyi nyote.

Mama Violet, nisamehe mbele ya watu hawa, kwa sababu uwongo ulikuwa wangu na aibu umeibeba wewe. Baba, wewe sikuwahi kukuomba msamaha, na sasa nazungumza na mbao. Pumzika kwa amani.