Fundi wa Magauni na Filamu Iliyokosa Mwanamke wa Pili

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alizaliwa tarehe 14 Mei 1981, binti wa kwanza wa mama muuguzi na baba karani wa reli.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, kisha sekondari ya wasichana. Mwaka 1997 alisimamishwa wiki mbili kwa kufupisha sketi za darasa zima. Mwalimu wa zamu naye alikuwa amemletea yake, na Fundi hakumtaja hadi mwalimu alipostaafu.

Mwaka 2002 alianza kushona magauni ya harusi, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Bibi harusi akibana tumbo, alimwambia, "Pumua, mama. Nashonea mwili huu, si huo unaoutamani."

Aliolewa tarehe 6 Desemba 2008 na shemeji yetu, mpima ardhi, wakajaliwa watoto wawili. Alipomwachisha wa pili ziwa, shemeji alitania mbele ya wageni kwamba kiwanja kimebaki tambarare. Tulicheka sote. Mwaka 2014 alikwenda kliniki kuwekewa vifuko vya silikoni kifuani. Shemeji alilipa, akajisifu.

Mwaka 2021 ziwa la kushoto lilianza kuvimba. Daktari aliyemwekea alimwambia, "Umenenepa tu." Miezi kumi na moja baadaye, daktari mwingine alikuta saratani iliyoanzia kwenye kovu linalozunguka kifuko.

Kamati ya mazishi imeomba hapa tuandike "aliugua kwa muda mrefu." Haturudii ujinga huo. Fundi alitaka ugonjwa wenyewe utajwe, tena kwenye filamu, ili wanawake wajue dalili mapema. Aliuza cherehani tatu, akampata mwongozaji, wakaandika barua kwa wafadhili. Sisi familia tulichanga maneno. Mjomba alisema, "Nani atatoa hela yake kwa filamu ya matiti?"

Mwaka jana mfuko mmoja wa kufadhili filamu ulikubali kugharamia yote kwa sharti moja: kabla ya tarehe 30 Juni mwaka huu, apatikane mwanamke wa pili aliyewekewa vifuko kliniki ileile, aseme mbele ya kamera. Mmoja peke yake, waliandika, ni bahati mbaya tu. Aliowatafuta walizima simu. Alibaki mmoja, akamwomba mara saba. Huyo alimjibu, "Mimi naolewa Novemba. Kafie mbali na kamera yako." Tarehe ikapita, mfuko ukafunga faili.

Alifariki tarehe 19 Agosti, saa nne asubuhi, akiwa na kilo thelathini na nane. Shemeji alikuwa hajaingia chumbani kwake miezi miwili. Alisema harufu inamshinda.

Ameacha mama, mume, binti, mwana wa kiume na mdogo wake mmoja wa kike, ambaye ndiye anayewasomea. Tulikwenda kliniki siku ileile, Fundi na mimi, tukapunguziwa bei kwa kuwa tulikuwa wawili. Aliyemwambia akafie mbali ni mimi. Mama, nisamehe kwamba jambo hili unalisikia hapa, mbele ya watu. Mchumba wangu naye analisikia sasa hivi.

Mwongozaji yuko pale nyuma na kamera yake, nilimwita mimi. Ameniambia fedha zimeshapewa filamu nyingine. Nimemwomba arekodi hivyo hivyo.

Lala, dada yangu. Mwanamke wa pili nimekuja, nimechelewa.