Mzee Machela, Bondia Aliyemwinua Mpinzani Wake

Na Dkt. Tumpe Mwasomola, wodi ya wanaume

Sauti iliyonibakia ni ya pumzi. Wiki yangu ya kwanza katika hospitali hii nilikuwa mezani wodini, nikasikia nyuma ya pazia mtu akitoa hewa puani, "fss", fupi na kavu. Nilidhani ni mgonjwa aliyebanwa kifua. Nilipofungua pazia nikamkuta mhudumu mwenye mabega ya upana wa mlango amemwinua babu mmoja kutoka kitandani, taratibu, kama anayemtoa mtoto kwenye beseni. Baadaye niliambiwa kwamba mabondia hupumua hivyo wanapotupa ngumi, na kwamba yeye hana namna nyingine ya kutumia nguvu.

Huyo ndiye Polikarp Ngonyani, anayestaafu tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi.

Alizaliwa kijijini Mpitimbi, kwa wakulima wa mahindi, akaja mjini Songea akiwa na miaka ishirini na minne kuanza kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Mashine ilikuwa moja na haikupenda kazi. Wakongwe wanasema Polikarp ndiye aliyekuwa mashine ya pili. Alipohamishiwa wodini, wauguzi waligundua kwamba kumhamisha mgonjwa kitanda hakuhitaji tena watu wanne.

Ngumi alizianza akiwa na miaka thelathini na mitano, umri ambao mabondia wengi wanatafuta shughuli nyingine. Alizianza kwa sababu alikuwa kazini. Yalifanyika mapambano hapa Songea, na hospitali ikamtuma yeye na Swalehe, dereva wa gari la wagonjwa, wakae kando ya ulingo na machela. Bondia wa uzito wa juu kutoka Mbeya alikuwa amefika, mpinzani wake hakufika. Watazamaji wakaanza kupiga mabati. Mwandaaji akazungusha macho ukumbi mzima akitafuta mwili wa kutosha, macho yakaishia kwenye machela.

"Kaka, unaweza kupigana?"

"Kupigana siwezi," Polikarp akamjibu. "Ila kuanguka pia sijazoea."

Swalehe akamshika mkono. "Poli, fikiri vizuri. Ukianguka nani atakubeba? Mgongo wangu mimi ni wa kukalia usukani tu."

Alivua koti la kazi, akapanda pekupeku. Alishindwa kwa pointi, lakini kengele ya mwisho ilimkuta amesimama. Kesho yake alikuja zamu na jicho moja, na kabla ya chai wagonjwa walikuwa wameshampa jina la Machela.

Mkewe, Mama Ida, aliridhia mchezo huo kwa sharti kwamba akiwa na jicho lililovimba asiende naye misa ya kwanza, watu wasije wakadhani ni yeye aliyempiga. Tatizo kubwa lilikuwa mazoezi. Songea nzima haikuwa na bondia mwingine wa uzito wake. Dastan, fundi mwashi wa Bombambili ambaye leo anaendesha klabu yetu ya ngumi, alikuwa karibu nusu yake, kwa hiyo alikuja na mwenzake, wakawa wanampiga kwa zamu, mmoja akichoka mwingine anaingia. Dastan husema ilikuwa kama kubomoa nyumba kwa kijiko.

Pambano ambalo watu wa mji huu hawalisahau ni lile aliloshindwa mwaka 2002. Alikutana na Otto Mwalongo wa Njombe, na katika raundi ya pili akamwangusha kwa ngumi ya kulia. Kanuni inamtaka bondia aliyemwangusha mwenzake aende kona ya mbali, asubiri mwamuzi ahesabu. Polikarp hakwenda. Alipiga magoti, akapitisha kiganja chini ya shingo ya Otto, akamlaza ubavu, akamtoa kinga ya meno iliyokuwa imerudi nyuma kooni. Kwa glavu alishindwa kwanza, ikabidi avue moja kwa meno. Mwamuzi alikuwa amefika nne.

"Ngonyani, kona. Nenda kona."

"Hesabu tu, mzee. Huyu hapumui."

Akaondolewa mchezoni, na ushindi akapewa mtu aliyekuwa amelala. Kiti cha daktari kando ya ulingo kilikuwa kitupu siku hiyo, daktari aliyeombwa hakuja na hakuna aliyeuliza. Otto alipelekwa wodini kwetu, na asubuhi aliyemwogesha alikuwa huyo huyo. Inasemekana Otto alimwambia, "Wewe jamaa, umenipiga, umenizimisha, sasa unanisugua mgongo. Unataka nini kwangu?" Polikarp akamwomba ainue mkono wa kushoto.

Sikuwepo, lakini nimelifikiria pambano hilo mara nyingi kuliko mambo mengi niliyoyaona kwa macho yangu. Kwenye kumbukumbu za ngumi limeandikwa kuwa ni kushindwa kwa kuvunja kanuni. Hajawahi kukata rufaa. Akiulizwa husema mwamuzi alikuwa sahihi.

Ushindi ulikuja pia, tena mkubwa. Mwaka 2006, akiwa na miaka arobaini na mmoja, alitwaa mkanda wa kanda mjini Mbeya mbele ya Ramson, kijana aliyetangazwa kwamba atammaliza mzee kabla viti havijapata joto. Mzee alimpokea, akamchosha, akamwangusha katika raundi ya saba, na safari hii alikwenda kona, ingawa walioketi karibu wanasema alikwenda kinyumenyume, macho yakiwa kwa aliyelala. Mkanda huo ulikaa siku nyingi kwenye kabati la mashuka, na muuguzi aliyetumwa foronya alipata nafasi ya kuuvaa kwanza.

Aliacha kupigana mwaka 2009, akiwa na akili timamu na meno karibu yote. Tangu hapo amewafundisha vijana wa mji huu jioni baada ya zamu, kwa masharti machache, kubwa kati ya hayo likiwa kwamba hakuna pambano Songea bila daktari kitini. Kila daktari aliyewahi kufanya kazi hapa anamjua Mzee Machela akija na kofia mkononi kuomba Jumamosi moja. Dkt. Valence alikikalia kiti hicho miaka mingi. Alipohamishwa mwaka jana, mapambano yalisimama, na vijana wakaanza kusema watakwenda kupigana miji ambako hakuna anayeuliza habari ya daktari. Hilo lilimnyima usingizi kuliko kustaafu kwenyewe.

Alikuja kwangu Januari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaomba.

"Baba, mimi natibu vichwa," nikamwambia. "Siwezi kukaa kuvitazama vikipigwa."

"Ndiyo maana nakuomba wewe, mwanangu. Anayependa ngumi sana hachelewi kufika, anachelewa kusimamisha."

Nilimwambia nitafikiri. Aliniacha nifikiri, na hakuniuliza tena.

Mzee Polikarp, kwa niaba ya wafanyakazi wote tunakushukuru kwa kila mgongo uliouinua na kila kijana uliyemrudisha nyumbani akiwa mzima. Tunamshukuru Mama Ida kwa kutuazima mume. Nenda Mpitimbi ukaishi vizuri, ule mahindi ya shamba lako, na Mungu akupe miaka mirefu yenye afya na utulivu.

Kuna taarifa moja imebaki. Jumamosi iliyopita, ulipokuwa shambani unavuna, mapambano yalifanyika, na daktari kitini nilikuwa mimi. Raundi ya tatu Derick, mmoja wa vijana unaowafundisha, alikuwa anaongoza kwa pointi, lakini mguu wake wa kushoto ulianza kuchelewa kuufuata mwili, dalili ya kichwa kilichoumia. Nikasimama, nikamwambia mwamuzi basi. Ukumbi ulinizomea hadi mlangoni, na Dastan ameninunia mpaka leo. Bila shaka ameshakusimulia kwa upande wake. Derick nilimlaza wodini kwa uangalizi, akatoka juzi anacheka. Klabu nimeshaiambia kwamba kwenye mapambano ya Agosti nitakuwepo tena kitini.