Mzee Kulabu na Winchi Zake za Reli

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1948, mtoto wa tatu wa mwashi na muuza maziwa, katika nyumba ya mwisho ya mtaa uliopakana na reli. Karibu sote tulimjua kwa jina la Kulabu. Akiitwa kwa jina la kwenye vyeti, naye aligeuka nyuma kutazama nani anaitwa.

Alipokuwa na miaka saba, treni ya mizigo iliacha njia nyuma ya nyumba yao. Ndugu zake walikua wakisimulia kishindo, vumbi na magunia ya sukari yaliyopasuka. Yeye kishindo hakukikumbuka hata kidogo. Alichokumbuka ni winchi ya reli iliyoletwa kesho yake, behewa zito lenye mkono mrefu wa chuma, iliyokitoa kichwa cha treni mtaroni na kukirudisha relini taratibu, hata mafundi waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza. Jioni alimwambia mama yake, "Mama, leo nimeona kile kitu ambacho watu hukiita mambo yanapoharibika, kije kuyatengeneza." Mama akamjibu kwamba kitu hicho anakijua, ni mama, na kimechoka, kwa hiyo aende akaoge.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya bweni, ambako alifaulu vizuri sayansi na kuadhibiwa kwa kutoboa dawati ili apitishe kamba ya winchi ya mabua. Mwaka 1969 alijiunga na chuo cha tiba ya meno na kuhitimu ufundi wa meno ya bandia. Kuanzia 1972 hadi alipostaafu mwaka 2008 alifanya kazi katika chumba chembamba nyuma ya kliniki ya meno, chumba kilichonuka nta na plasta mwaka mzima. Wapo hapa makaburini leo wanaotafuna kwa kazi ya mikono yake. Hatutawataja.

Ng'ambo ya geti la kliniki palikuwa na duka la fundi cherehani, binti mwenye maneno machache na mkasi mkali. Koti moja la marehemu lilipoteza vifungo wiki baada ya wiki, mpaka fundi akamuuliza, "Kaka, hili koti unalivaa au unalitafuna?" Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976 na kujaliwa watoto watatu.

Kifungua mimba alipofikisha miaka mitano alinunuliwa treni ya kuchezea. Mtoto mwenyewe hakupata kuishika. Meza ya treni ilikua ikajaza chumba cha nyuma, na siku moja mama yetu alirudi kutoka dukani kwake akakuta ukuta wa chumba cha kulala umetobolewa, na reli inapita chini ya meza yake ya vipodozi. Aliinama akalichungulia lile tundu. Kisha akasema, "Siku nitakayoshika hivyo vidude vyako, ujue nimerukwa na akili." Aliishika ahadi hiyo kwa miaka mingi sana.

Wenzake waliopenda treni ndogo walitengeneza mabehewa ya abiria yenye mapazia. Yeye alitengeneza winchi tu, tena zile zisizo za kawaida: yenye mikono miwili iliyopeana mgongo, yenye shingo iliyopinda, yenye miguu inayotanuka pembeni. Alizisuka kwa waya wa meno. Kila moja ilikuwa na behewa bapa la kulaza mkono wake safarini, kwa sababu, alivyosema akimwangalia mkewe, winchi ya reli haisafiri peke yake. Mkewe alijifanya hakusikia. Mgeni aliruhusiwa kunyanyua chochote, lakini wakati wa kushusha marehemu alimshika kifundo cha mkono: "Shusha polepole. Kunyanyua hata mwenye hasira ananyanyua. Kazi iko kwenye kushusha."

Mwaka 2021 mikono yake ilianza kutetemeka. Wakati huo alikuwa akiunda winchi ya mwisho, kubwa kuliko zote, ya kuinua kichwa chekundu cha treni kilichoanguka katikati ya daraja. Hakuficha kwamba aliomba jambo moja tu, aione ikinyanyua kabla hajaondoka. Lakini kufikia mwisho wa 2024, kuupitisha uzi kwenye kulabu kulimshinda. Mama alimsikia kupitia tundu la ukutani, akijaribu na kuguna, akijaribu na kuguna. Mwishowe aliingia na miwani yake ya kushonea, akasema, "Sogea," akaupitisha uzi mara moja.

"Leo umerukwa na akili?" aliulizwa.

"Nyamaza, uzi utatoka."

Walipoijaribu, winchi ilipinduka pamoja na mzigo wake. Walipima mkono, wakapima magurudumu, hawakuona kosa. Mama ndiye aliyekiinua kile kisanduku cha nyuma kinachoizuia winchi isipinduke, akakikuta chepesi kama mkate. Marehemu alikuwa amekimimina kwa plasta ya meno, akakipaka rangi nyeusi na kukichorea ribiti kama vichwa vya misumari, kikafanana na chuma hadi yeye mwenyewe akasahau. "Maisha yangu yote nimefundishwa kitu kifanane na cha kweli," alisema akicheka. "Hakuna mteja aliyewahi kudai jino zito." Mama alikikomba, akakijaza bobini kuukuu za chuma za cherehani.

Kabla hawajaijaribu tena, marehemu alilazwa kwa nimonia, na madaktari walituambia bila kuficha kwamba hatarudi nyumbani. Tulivunjika moyo. Mama alichukua kopo la biskuti, akatia winchi, kichwa chekundu na kipande cha reli, akaenda navyo wodini na kuvipanga kwenye meza ya kitandani. Mikono ya mzee haikuweza, kwa hiyo mama ndiye aliyezungusha usukani wa winchi. Kichwa kikainuka, kikaning'inia. Winchi haikutikisika. Mzee hakushangilia bado. "Shusha polepole," alisema. Mama akashusha mpaka magurudumu yakaikuta reli bila sauti, na hapo mzee alicheka mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini.

Alifariki asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, mkono wake ukiwa umetulia ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mke, watoto watatu, ambao ni nesi, fundi umeme na mwalimu, wajukuu sita, na dada yake mkubwa, anayeshikilia hadi leo kwamba kishindo kile kilikuwa kikubwa. Treni haitavunjwa. Tundu la ukutani halitazibwa. Mama anasema linamletea hewa. Jumamosi wajukuu watakuja kama kawaida, na usukani wa winchi atashika yeye.

Pumzika kwa utulivu, mzee wetu. Nanyi mtakaoshika kamba leo, mama ana ombi moja kwenu: mshusheni polepole.